Nguvu Inahitaji Mlinzi: Maisha ya Bondia Robert Wangila na Vijana Wetu wa Tassia

  Tumeombwa tuseme machache juu ya michezo ya nguvu, yaani ndondi na kubeba vyuma, kwa sababu tangu kile chumba cha mazoezi cha vijana kianze, maneno yamekuwa mengi hapa mtaani.

Wazazi wengine wametuambia waziwazi: "Fungeni hicho chumba. Mnafundisha watoto wetu kupigana." Vijana nao wanatuambia: "Tuleteeni glavu, tuleteeni vyuma vizito zaidi, tunataka kufika mbali." Sisi tunaosimamia chumba tumebaki katikati, huku tunavutwa na huku tunavutwa. Leo hatukuja kumtetea mmoja dhidi ya mwenzake. Tumekuja na habari za mtu mmoja, mzaliwa wa jiji hili hili la Nairobi, ambaye maisha yake yana jibu kwa mzazi na kwa kijana pia. Jina lake ni Robert Wangila Napunyi.

Wazee wanamkumbuka. Vijana wengi hawamjui, na si kosa lao, maanake alifariki mwaka wa 1994, kabla wengi wao hawajazaliwa. Basi tuanze pale inapofaa.

ALIKOTOKEA

Watu wakisikia Kenya na Olimpiki wanafikiria mbio tu. Lakini ndondi ya Kenya ina historia ndefu. Mwaka wa 1968 kule Mexico, Philip Waruinge alipata medali ya shaba, na juu ya hiyo akapewa kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote katika Michezo hiyo. Mwaka wa 1972 kule Munich akarudi na medali ya fedha, na wenzake Samuel Mbugua na Dick Murunga wakaleta shaba. Mwaka wa 1978 Stephen Muchoki alikwenda Belgrade akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa. Lakini Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na za 1980, kwa hivyo Muchoki, bingwa wa dunia mzima, hakupata nafasi ya kupigania medali ya Olimpiki katika miaka yake bora. Mwaka wa 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali akaleta shaba.

Huku kwetu Eastlands ndondi ilikuwa mchezo wa mtaani. Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli, ulikuwa na klabu ya Dallas ambayo sifa zake zilijulikana Kenya nzima. Kijana alihitaji kamba ya kuruka, gunia la kupiga, na mtu wa kumwelekeza. Wengi waliofanya vizuri walichukuliwa na Jeshi, Polisi, Magereza au kampuni kubwa, wakapata kazi na mshahara huku wakipigana. Timu ya taifa iliitwa Hit Squad, na jina hilo lilitisha Afrika.

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967, akakulia katika miaka hiyo. Alipigana uzito wa welter, ambao katika Olimpiki ya wakati ule mwisho wake ulikuwa kilo 67. Angalieni hapo, vijana: kilo 67! Hakuwa mtu wa kifua cha kujaza mlango. Wengi wenu mnaokuja chumbani mna uzito kumshinda. Lakini ngumi yake ilikuwa nzito ajabu, na nguvu hiyo ilitoka miguuni, ikapita kiunoni, ikatokea mkononi. Tunasema hivi kwa sababu kuna kijana anayedhani nguvu ni kuvimba mikono. Nguvu ni mwili mzima kufanya kazi kwa pamoja.

SEOUL, 1988

Mwaka wa 1988 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul, Korea Kusini. Kenya ilirudi na medali tano za dhahabu. Nne zilitoka kwa wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ilitoka ulingoni, na aliyeileta ni Wangila akiwa na miaka 21.

Fainali yake ilikuwa dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Huyo Boudouani hakuwa mtu wa mchezo, kwani miaka michache baadaye, mwaka wa 1996, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA katika ngumi za kulipwa. Lakini siku hiyo Seoul hakumaliza raundi ya pili. Wangila alimwangusha kwa nokauti. Katika timu hiyo hiyo, Chris Sande alipata shaba katika uzito wa kati.

Tuwaambie jambo moja ambalo ni kweli hata baada ya Olimpiki za Paris 2024: katika historia yote ya Kenya kwenye Olimpiki, medali zote za dhahabu zimetoka kwenye riadha, isipokuwa moja tu. Hiyo moja ni ya Wangila. Kwa hivyo mzazi akituambia kwamba ndondi haina faida yoyote, tunamwomba aikumbuke medali hiyo. Kijana kutoka Nairobi, mwenye ngumi mbili na nidhamu, alisimamisha dunia nzima ikasikiliza wimbo wetu wa taifa.

Hilo ni jibu la kwanza, nalo ni la wazazi. Lakini habari haijaisha, na vijana wasianze kushangilia bado.

NGUMI ZA KULIPWA

Siku zile bondia wa ridhaa hakulipwa kwa kupigana. Medali ya dhahabu ni heshima kubwa, lakini haikati kodi ya nyumba. Wangila, kama wengine kabla yake, aliamua kwenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa, na alianza mwaka wa 1989.

Ni lazima tueleze tofauti, kwa sababu vijana wengine hapa wanafikiri ni mchezo ule ule, ila huku kuna pesa. Sivyo. Kule Seoul pambano lilikuwa raundi tatu, kila moja dakika tatu. Jumla dakika tisa. Mabondia walivaa kofia ya kinga kichwani. Kwa wanaolipwa hakuna kofia, na pambano kubwa huwa raundi 10 au 12. Yaani dakika 30 na zaidi za kupigwa na kupiga, kichwa kikiwa wazi. Zamani zilikuwa raundi 15. Mwaka wa 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas hadi raundi ya 14, akaanguka, akafa siku chache baadaye. Baada ya kifo hicho ndipo chama cha WBC kikapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Mjue basi kwamba hata sheria tunazoziona leo, nyingine zimeandikwa juu ya kaburi la mtu.

Wangila alipigana huko Marekani kwa miaka mitano. Alishinda mapambano 22 na kupoteza 5. Si rekodi mbaya hata kidogo. Lakini mkanda wa dunia, ule aliokuja kuupata yule Boudouani aliyemwangusha Seoul, yeye hakuupata.

USIKU WA LAS VEGAS

Tarehe 22 Julai 1994 Wangila alipanda ulingoni Las Vegas kupigana na David Gonzales. Pambano lilifika raundi ya tisa. Hesabuni: raundi nane kamili ni dakika 24, na sasa wameingia nyingine. Wangila alikuwa anapigwa. Refa akaingia kati, akasimamisha pambano.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye maneno yetu ya leo. Wangila hakufurahi. Alilalamika kwamba pambano lisimamishwe, aliona bado anaweza. Alikuwa amesimama kwa miguu yake. Alitoka ulingoni, akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Huko ndiko alikoanguka na kupoteza fahamu. Alipelekwa hospitali, na tarehe 24 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Yeye mwenyewe, mwenye kichwa chenyewe, alisema yuko sawa. Na hakuwa anadanganya. Alikuwa anasema kile alichokuwa anasikia mwilini mwake. Mwili haukumwambia ukweli.

KICHWANI HUTOKEA NINI

Wengine mtauliza, inawezekanaje mtu aongee, atembee, alalamike, kisha afe? Tueleze kwa lugha nyepesi, kwa sababu jambo hili haliwapati mabondia peke yao. Linampata anayeanguka kutoka kwa boda boda, linampata fundi anayeteleza kwenye ngazi za mjengo, na hapa Tassia majengo hayaishi kujengwa.

Ubongo unakaa ndani ya fuvu, na kati yake kuna mishipa midogo ya damu. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu ghafla, fuvu hutangulia na ubongo hubaki nyuma kidogo. Ile mishipa inavutika, na pengine inakatika. Damu inaanza kuvuja, lakini polepole. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Basi damu ikizidi haina mahali pa kwenda, inaanza kuufinya ubongo. Kwa muda mtu anaweza kuonekana mzima kabisa. Anaongea, anacheka, anaomba maji. Halafu mambo yanabadilika kwa dakika chache.

Kwa hivyo mkimwona mtu aliyegongwa kichwa, awe bondia au si bondia, angalieni dalili hizi kwa siku nzima na usiku wake: maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, kuongea kama mlevi, kusahau yuko wapi au ni siku gani, mkono au mguu kukosa nguvu, na mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya jingine. Ukiona hata moja tu, usingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe aspirini, kwa sababu inaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Na asiachwe kulala peke yake chumbani ati "apumzike".

NGUVU NA MLINZI

Hebu sasa turudi kwa neno lenyewe tulilokuja kusema. Mtu mwenye nguvu sana ana shida moja ambayo mnyonge hana. Mnyonge akichoka anaacha. Mwenye nguvu amefundishwa miaka mingi asiache. Maumivu kwake ni kitu cha kushindwa, si onyo. Ndiyo maana yeye ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba mambo yameharibika. Kwa hivyo nguvu kubwa inahitaji mlinzi, na mlinzi huyo hawezi kuwa ni yeye mwenyewe.

Hili si jambo la ndondi pekee. Tuchukue kubeba vyuma, ambao ndio mchezo unaopendwa zaidi pale chumbani. Mwaka wa 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, Uingereza, Mkenya Hellen Wawira Kariuki alipata medali ya shaba katika kunyanyua vyuma kwa watu wenye ulemavu. Katika mchezo huo mtu analala chali kwenye benchi, anaushusha mtaimbo hadi kifuani, kisha anausukuma juu. Ukitazama, utaona jambo. Pembeni mwa benchi kuna watu wamesimama, huku na huku, tayari kuudaka mtaimbo. Na yule mchezaji, pamoja na nguvu zake zote, haanzi mpaka refa atoe amri. Bingwa ananyanyua akiwa na walinzi kushoto na kulia. Halafu kijana wetu wa Tassia anataka kunyanyua peke yake saa nne usiku, na vyuma vya mikebe iliyojazwa simiti, eti kwa sababu ana nguvu!

Walinzi tunaowasema si wa ulingoni tu. Wangila alipofariki, nyumbani kulizuka mvutano juu ya mazishi yake. Alikuwa ameingia Uislamu, na katika jamaa wapo waliotaka azikwe Kikristo. Jambo likafika mahakamani, na mwisho akazikwa kwa taratibu za Kiislamu. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Familia ilikuwa na majonzi, na majonzi huumiza watu wema. Tunachosema ni kwamba kijana anayefanya kazi ya hatari anapaswa kuwaambia watu wake, mapema na kwa maandishi, yeye ni nani, anataka nini, na nani asimamie mambo yake. Miaka 26 si umri wa kufikiria kifo, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kufikiria.

Na baada ya mchezo je? Mnamkumbuka Conjestina Achieng kutoka Siaya, yule waliyemwita Mikono ya Mawe. Miaka ya 2000 alijaza kumbi, magazeti yakamwandika, wasichana wakataka kuwa kama yeye. Baadaye akapatwa na ugonjwa wa akili, na Wakenya wakamwona kwenye habari akiwa kijijini, hali yake ya kusikitisha. Wahisani walijitokeza mara kwa mara, na mwaka wa 2022 alipelekwa Pwani kwa matibabu. Tunaumia kuona kwamba msaada ulikuja kwa vipindi, pale kamera zilipofika, kisha ukanyamaza. Waliomshangilia walikuwa maelfu. Waliokaa naye kila siku walikuwa jamaa zake wachache.

TUNAYOPENDEKEZA

Sasa tuseme juu ya chumba chetu. Wazazi mnaosema tukifunge, tunawaelewa. Lakini mjue kwamba tukikifunga vijana hawataacha. Tassia hakuna uwanja. Kila mahali palipokuwa wazi pamesimama ghorofa. Kijana ataenda kunyanyua juu ya paa la nyumba, mahali hakuna mtu wa kumwangalia, au ataenda kwa mtu anayemtaka kwa kazi nyingine, kazi za kutisha watu wakati wa siasa. Sisi tunaona afadhali awe mahali mnapopajua. Ila tunakubali kwamba chumba kama kilivyo leo hakitoshi. Kwa hivyo tunaleta mbele yenu mambo matano.

La kwanza: hakuna kunyanyua peke yako. Kila benchi iwe na mtu wa kushika, na chumba kifungwe saa ambazo hakuna msimamizi. Mitaimbo yote ifungwe vizuri pande mbili ili mikebe isiteleze.

La pili: neno la kocha ni la mwisho. Akisema shuka, unashuka. Akirusha taulo, pambano limekwisha, na asiwepo mtu wa kumcheka kijana aliyeshuka. Tunajua mtaani mtu akiacha anaitwa mwoga. Sisi wazima tuanze kulibadilisha neno hilo. Tukimsifu yule anayeendelea huku anayumba, sisi ndio tunaompeleka kaburini.

La tatu: atakayepigwa kichwani akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, au akaona kizunguzungu, hapandi tena siku hiyo. Anapelekwa kwa daktari, jamaa zake wanaambiwa, na harudi kupigana mpaka daktari akubali. Ngumi ya pili juu ya ubongo ambao haujapona ni hatari kuliko ya kwanza. Na watoto wa shule ya msingi wafundishwe kuruka kamba, kutembeza miguu, kukwepa na kupiga gunia. Kupigana kichwani hapana.

La nne: makaratasi. Kijana akija na mkataba wa promota, asiutie sahihi siku hiyo. Auonyeshe kwa watu wawili wanaojua kusoma mambo hayo, aulize: nani atalipa hospitali nikiumia? Pesa zangu ni ngapi baada ya makato? Nitapigana raundi ngapi, na nani? Kila mwanachama wa chumba pia aandike jina na simu ya jamaa yake wa karibu. Atakayeanza kupata pesa, kidogo au nyingi, aweke katika sacco au chama tangu pambano la kwanza, na ajifunze kazi nyingine mkononi. Mwili wa bondia unastaafu mapema sana. Mtu ana miaka 35 na tayari anaitwa mzee.

La tano, na hili ndilo kubwa, ni lenu wazazi. Tunaomba kila Jumamosi wazazi wawili waje wakae chumbani kwa zamu, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Si lazima ujue ndondi. Kazi yako ni kuangalia. Mama anamjua mtoto wake akiongea tofauti na kawaida kabla kocha hajagundua. Baba anajua mwanawe akificha maumivu. Hakuna mashine ya hospitali inayoshinda jicho hilo kwa dakika zile za kwanza.

Kuna mama aliyetuuliza wiki jana: "Sasa mimi nikikaa pale, na mtoto akaniambia yuko sawa, nimwamini yeye au niamini macho yangu?" Swali zuri kabisa. Jibu letu ni hili: amini macho yako. Mwache akasirike. Mwache asikuongeleshe mpaka jioni. Kijana aliyekasirika nyumbani kwake, akiwa hai, ni baraka.

Na ninyi vijana, msitusikie vibaya. Hatukuja kuwavunja moyo. Dhahabu ya Seoul ni ya kweli. Ilitoka katika jiji hili, kwa mtu mwenye kilo 67, na tangu 1988 hakuna Mkenya mwingine aliyeleta dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Mmoja wenu anaweza kuwa wa pili, kwa nini isiwezekane? Lakini tunataka mmoja wenu huyo arudi na medali yake, azeeke nayo, awaonyeshe wajukuu wake hapa hapa Tassia. Wangila hakupata nafasi hiyo. Nguvu alikuwa nazo zote. Usiku ule nguvu hizo ndizo zilizomfanya alalamike aliposimamishwa.

Karatasi ya zamu iko pale mezani kwa katibu. Ina nafasi za Jumamosi nane, watu wawili kila Jumamosi, kwa hivyo tunahitaji majina 16. Yakijaa leo, chumba kitafunguliwa Jumamosi ijayo kwa masharti tuliyoyasema. Yasipojaa, sisi wenyewe tutakifunga mpaka yajae, na vijana msitulaumu. Waulizeni wazazi wenu nyumbani.

 Aliye na swali aulize sasa, na aliye na kalamu aanze kwa katibu.